Jinsi ya kuandika tamthilia ya msiba: mpe mfiwa kazi ya kufanya

Miswada ya tamthilia za msiba inayonifikia mezani, mingi huanzia makaburini. Jeneza linashushwa, mjane anaanguka, kamera inapanda juu taratibu, jina la tamthilia linatokea. Kazi yangu ni kuhariri miswada ya televisheni, na kwa miswada ya aina hii neno langu la kwanza kwa mwandishi huwa ni hili: futa mazishi. Anzia siku ambayo wageni wa mwisho wameaga na nyumba imebaki na mlio wa friji peke yake.

Sababu ni ya kiufundi. Mazishini karibu kila mtu anafanya jambo lilelile, tena kwa kuwa ndilo linalotarajiwa. Mtazamaji naye hajamjua marehemu, hivyo hana cha kumlilia. Atalizwa na muziki, na machozi ya muziki hukauka kabla matangazo ya biashara hayajaisha. Watu wakishaondoka ndipo mfiwa anapoanza kuamua. Aamke au aendelee kulala? Apokee simu au aiache iite mpaka ikate? Shati la marehemu alifue au aliache na harufu yake? Tamthilia huishi kwa maamuzi. Mtu anayelia tu, hata kama mwigizaji ana kipaji kikubwa, hajatupa hadithi.

Ninachotaka uondoke nacho ni kwamba mfiwa wako lazima awe na kazi. Si kazi ya ajira hasa, bali jambo la kufanywa kwa mikono, ambalo mtu mwingine analisubiri. Huzuni utaionyesha humo, na sababu ya kuishi tena itaota humohumo.

Nitatumia mfano mmoja niliojitungia. Rehema ni mwalimu wa muziki ambaye hajagusa ala yoyote tangu afiwe. Mumewe, Daudi, alikuwa fundi redio mwenye karakana ndogo nyuma ya nyumba. Alikufa ghafla. Kwenye rafu za karakana zimebaki redio 31 za wateja, kila moja ina kikaratasi chenye mwandiko wake: jina la mwenye redio, ugonjwa wa redio, tarehe ya kuichukua. Rehema hajui hata bisibisi ipi ni ya kazi gani. Asubuhi moja mlango unagongwa, na aliyegonga hajaja kutoa pole. Amefuata redio yake.

Hiyo ndiyo sini ya kwanza, yaani tukio la kwanza kuonekana kwenye skrini.

Mwandike marehemu kabla ya mfiwa

Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa mazungumzo, kaa na marehemu. Mwandikie kurasa mbili tatu ambazo hakuna atakayeziona ila wewe. Usiandike sifa. Andika alichokuwa anakifanya ndani ya nyumba, kwa sababu pengo la mtu lina umbo la kazi zake. Nani alikuwa anafunga milango usiku? Nani alikumbuka siku za kuzaliwa za watoto wa ndugu? Nani alijua neno la siri la akaunti ya benki? Nani aliamua mabishano ya watoto? Kila jibu ni sini inayokusubiri, kwa maana mfiwa atakutana na pengo hilo siku ya kawaida kabisa, akiwa na funguo mkononi, akigundua kwamba katika ndoa yote hajawahi kufunga mlango wa nyuma yeye mwenyewe.

Halafu mpe marehemu makosa. Hili waandishi wengi wanaliogopa, nami nalisisitiza mpaka wananichoka. Marehemu asiye na dosari hawezi kukumbukwa, anaweza kutundikwa ukutani tu. Daudi wa mfano wetu alikuwa hawezi kumkatalia mteja. Alipokea redio ambazo alijua hazitengenezeki, akaahidi tarehe asizoweza kuzitimiza, na lawama zote sasa zinamwangukia Rehema. Mpe Rehema hasira hiyo. Mwache aikoromee picha ya mumewe, aulize kwa nini amemwachia mzigo huu. Hasira kwa aliyekufa ni ya kawaida mno kwa wafiwa, lakini watu huona aibu kuitamka. Tamthilia yako ikiitamka kwa niaba yao, umewafanyia wema.

Weka pia siri moja ndogo, itoke katikati ya msimu. Sizungumzii mke wa pili wala mtoto wa nje, hizo zimekuwa njia ya mkato. Iwe jambo linalomfanya mfiwa amjue marehemu upya. Kwa mfano, kikaratasi kimoja kwenye redio ya zamani kimeandikwa jina la Rehema mwenyewe, na tarehe ya miaka mingi nyuma. Marehemu akiwa bado anaweza kutushangaza, anabaki mhusika hai wa tamthilia, na hutahitaji kumrudisha kila mara kwa kumbukizi, yaani sini za maisha yake ya nyuma, zenye mwanga wa dhahabu. Kumbukizi nazo zina kipimo chake. Mimi huwaomba waandishi waandike msimu mzima bila hata moja, kisha warudishe zile tu ambazo hadithi haisimami bila hizo. Mara nyingi hubaki moja au mbili.

Hatua tano hazikupi muundo wa msimu

Utakutana na mtayarishaji atakayekuambia: sehemu ya kwanza kukana, ya pili hasira, ya tatu kujadiliana na majaliwa, ya nne huzuni kubwa, ya tano kukubali. Mkatalie kwa adabu, na uwe na hoja. Hatua hizo alizieleza daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe. Baadaye ndipo zikahamishiwa kwa waliofiwa. Kwa mwandishi, ubaya wake ni kwamba zinamfanya mhusika apande ngazi kwa mpangilio, na mtazamaji aliyefiwa anajua moyoni kwamba hakupanda ngazi yoyote.

Kuna maelezo mengine yanayomfaa mwandishi zaidi. Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya pande mbili: upande wa kuikabili huzuni yenyewe, na upande wa kupanga maisha yaliyobadilika, yaani malipo, watoto, majukumu mapya. Hakai upande mmoja. Anaweza kupita pande zote mbili ndani ya saa moja, na kule kupumzika kutoka kwenye huzuni ni sehemu ya kupona, si usaliti.

Ona jinsi jambo hilo linavyokuandikia sini. Rehema anabishana na muuza vipuri kuhusu fyuzi, anabishana vizuri, mpaka anacheka. Anarudi karakanani, anaiweka fyuzi, redio inawaka. Imewaka kwenye stesheni ambayo Daudi alikuwa anaisikiliza kila jioni. Anaizima. Anakaa. Kisha anachukua kikaratasi kinachofuata, kwa sababu mwenye redio hiyo anakuja kesho. Hapo amekwenda upande mmoja, akarudi, akaenda tena, na hakuna aliyetamka neno "huzuni".

Kuhusu mwisho wa safari, wapo waandishi wanaodhani mfiwa lazima "aachilie". Ndiyo maana tamthilia nyingi humalizika kwa majivu kutupwa baharini au pete kuvuliwa. Mwaka 1996 watafiti Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walikusanya tafiti zinazoonyesha kwamba wafiwa wengi hawaukati uhusiano na marehemu, wanaubadilisha. Wanaendelea kumsemesha, kumtaja, kuamua mambo kwa kufikiria angesemaje. Rehema akimaliza msimu bado anamuuliza Daudi kwa sauti waya mwekundu unakwenda wapi, hajashindwa kupona. Ameendelea kuwa mke aliyempenda mumewe.

Huzuni ina mwili

Waandishi wanaojua kuandika maneno husahau mwili, nami hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi na mswada. Mfiwa husahau mambo madogo. Anaweka simu kwenye friji. Anasoma ukurasa mmoja mara kadhaa bila kuelewa. Anachoka bila kufanya kazi. Hasikii njaa, kisha usiku wa manane anakula akiwa amesimama. Usingizi unamruka, au unamwangukia mchana mbele ya watu. Mambo haya yanaigizika, na hayahitaji mistari ya mazungumzo.

Na anamhisi marehemu. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees alichapisha utafiti aliofanya huko Wales kwa kuwahoji wajane na wagane 293. Karibu nusu yao walisema waliwahi kumhisi, kumwona, kumsikia au hata kuzungumza na mwenzi aliyekufa, na wengi hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Kwa hiyo Rehema akisikia bisibisi ikianguka karakanani na kwa nukta moja akaamini ni Daudi, usimpeleke kwa mganga wala usilete moshi na mwanga wa buluu. Iandike kama sauti ya kawaida kabisa. Ageuke, asikilize, arudi kumenya viazi. Mwongozaji mwenye sikio zuri ataielewa sini hiyo.

Kaka yangu alipofariki, simu yake iliendelea kulia kengele ya kumwamsha saa kumi na moja alfajiri. Mama alikataa isizimwe. Tuliamka nayo sote, nyumba nzima, kwa muda mrefu, na hakuna aliyelalamika. Nakuandikia hili ili ujue aina ya kitu unachopaswa kukitafuta: kifaa kinachoendelea kutimiza agizo la mtu ambaye hayupo. Zunguka kwenye nyumba ya mhusika wako, chumba baada ya chumba, mpaka ukipate cha kwake. Usichukue cha kwangu, na usichukue ujumbe wa sauti uliobaki kwenye simu. Huo umetumika sana, mtazamaji ataukisia kabla haujapigwa.

Wanaokuja kutoa pole

Wahusika wadogo ndio wanaouharibu mswada wa msiba, kwa sababu mwandishi huwageuza wahubiri. Kila anayeingia ana sentensi ya hekima. Fanya kinyume: kila anayeingia awe anataka kitu. Anayekuja kusema "jikaze" anataka kutuliza hofu yake mwenyewe. Anayesema "bora amepumzika" anataka kuondoka mapema. Shemeji anayesema "tupo pamoja" anataka kujua kuhusu nyumba. Rafiki wa miaka mingi anavuka barabara asikutane na Rehema, kwani hajui aseme nini, na hilo litamuuma Rehema kuliko maneno yote ya hovyo. Uandike uoga wake kwa huruma, maana watazamaji wengi wamewahi kuvuka barabara hiyo.

Kisha awepo mmoja, mmoja tu, ambaye haongei. Anauliza funguo ziko wapi, anakwenda kufanya jambo, anaondoka. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kwenye televisheni dhiki hiyo lazima tuione ikifanyiwa kazi.

Kuhusu mgeni mwenye hekima anayekutana na mfiwa mahali pa utulivu na kumweleza maana ya maisha: kama huwezi kumfuta, mpe shida yake. Mwache aje na redio isiyotengenezeka, ambayo ilikuwa ya mwanawe. Sasa watu wawili wanahitajiana, na hekima yoyote itakayotoka itakuwa imelipiwa.

Vicheko usiviogope. Mwaka 1997 watafiti Dacher Keltner na George Bonanno waliwachunguza watu waliofiwa na wenzi wao miezi michache kabla, wakaona kwamba waliocheka kicheko cha kweli walipokuwa wakimzungumzia marehemu walikuwa na dhiki ndogo zaidi kuliko ambao hawakucheka. Cheko la msibani hutokana na ukaribu. Rehema na mwanawe wakikumbuka jinsi Daudi alivyojaribu kumfundisha paka kukaa mbali na lehemu ya moto, wacheke mpaka mbavu ziume, na usiwakatize haraka kwa kilio.

Sababu ya kuamka

Katika miswada dhaifu, maana ya maisha hurudi kwa mlango mmoja kati ya mitatu: mpenzi mpya, shirika la hisani lenye jina la marehemu, au safari ndefu yenye machweo. Inawezekana yote yakatokea kwa mtu. Lakini yanatokea mwishoni, na tamthilia inahitaji mwanzo.

Mwanzo, kwa jinsi ninavyoona mimi, ni deni dogo kwa mtu asiyejali msiba wako. Mteja wa sini ya kwanza hataki hadithi ya Rehema. Anataka redio yake kabla ya mechi ya Jumamosi. Kutojali kwake ni zawadi, kwa kuwa ni mara ya kwanza mtu anamtazama Rehema bila kumwona mjane. Anamwona aliyeshika redio yake.

Kutoka hapo panga uzito wa deni uongezeke. Redio za kwanza Rehema anazirudisha zikiwa mbovu, na kuomba radhi. Ya nne au ya tano anagundua tatizo ni waya uliokatika tu, anaomba kijana wa jirani amfundishe kulehemu, anaungua kidole. Anaanza kuamka kabla ya kengele. Mteja mmoja anamdanganya kwamba alishalipa. Mwingine analia mbele yake, na Rehema ndiye anayelazimika kutoa pole, jambo ambalo hakujua kwamba bado analiweza. Sikio lake la muziki, ambalo amelizika, linaanza kumsaidia kutambua kasoro ya spika kwa kusikiliza. Tazama jinsi kipaji chake kilivyorudi kwa njia ya pembeni: hakuna aliyemwambia "rudi kwenye muziki wako".

Halafu aanguke tena, na aanguke siku isiyo na maana yoyote. Waandishi huweka anguko kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja. Mimi napendelea Jumanne ya kawaida, mahali pa kulipia bili ya maji, pale karani anapouliza kama jina la mteja libaki lilelile.

Unapopanga muda wa hadithi, jua pia mipaka ya kitabibu. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unautambua msiba uliorefuka kama tatizo la afya pale ambapo huzuni kali imeendelea zaidi ya miezi 6, imepita kiasi cha kawaida cha jamii ya mtu huyo, na inamzuia kuishi. Mwongozo wa wataalamu wa akili wa Marekani, uliorekebishwa mwaka huohuo, unataka miezi 12 kwa mtu mzima. Kama mhusika wako ana miaka miwili hatoki chumbani, karakana peke yake haitamtosha. Mpeleke kwa mtaalamu, na umwandike mtaalamu huyo kama mtu anayesikiliza na kuuliza, asiyetoa majibu ya mwisho wa sehemu.

Panapokuwa na hatari

Mfiwa anaweza kutamani kufa. Ukigusa jambo hili, liguse kwa uangalifu wote ulio nao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watengenezaji wa filamu na wanaofanya kazi za jukwaa na skrini kuhusu kujiua. Usionyeshe wala kueleza njia iliyotumika. Usifanye sababu iwe moja tu. Onyesha mtu akizungumza na mwenzake, akitafuta msaada na kuupata, na onyesha waliosimama imara pamoja naye. Kwa mfano wetu, Rehema akimwambia rafiki yake waziwazi kwamba haoni haja ya kuamka kesho, rafiki asishtuke akabadilisha mada. Akae. Aulize moja kwa moja. Alale pale usiku huo, na asubuhi waende pamoja kumwona mtaalamu. Mweleze mtayarishaji mapema kwamba sini kama hii itahitaji taarifa ya mahali pa kupata msaada mwishoni mwa kipindi, na usiiache hadi siku ya kurusha.

Kabla ya kuupeleka mswada

Tafuta watu wawili au watatu waliofiwa, ambao msiba wao si wa jana, wausome. Walipe kwa muda wao kama unavyomlipa mshauri yeyote. Usiwaulize kama wamelia. Waulize wapi walihisi unadanganya, na wapi waliruka ukurasa. Nilipofanya hivyo na mswada mmoja, msomaji aliweka alama kwenye sini ambayo sote tuliipenda, mjane akikumbatia koti la mumewe, na akaandika pembeni kwamba yeye alilivaa koti kwenda dukani, kwa kuwa lilikuwa na mifuko mizuri. Tuliibadilisha siku hiyohiyo.

Mwisho, pitia msimu mzima ukiwa na kalamu nyekundu, uhesabu mara ambazo mhusika mkuu analia machoni pa kamera. Katika msimu wa sehemu 8, mimi huacha mbili. Kwa kila kilio unachokifuta, andika pembeni mikono yake inafanya nini badala yake, na umpe mwigizaji hicho.